Nimefundishwa kazi kwa siku mbili, na mwisho wa mwezi umekaribia: tatizo ni mimi au ni wao?

#1 Karani Mpya

Wanajukwaa, salaam. Nipo katika wiki ya tatu ya kazi ya karani wa hesabu za stoo, kwenye kampuni inayopokea na kusambaza bidhaa. Mtangulizi wangu alinikabidhi ofisi kwa siku mbili, na nusu ya siku hizo ilikwenda kwenye kuagana na wenzake. Aliniachia neno la siri la kompyuta, funguo za kabati, na mafaili matatu yenye majina "Ulinganishi", "Ulinganishi Mpya" na "Ulinganishi Mpya Tumia Hili". Hilo la tatu ndilo la zamani kuliko yote.

Kazi za kila siku nimezimudu: napokea hati za mapokezi ya mizigo, nazilinganisha na ankara, kisha naziingiza kwenye programu. Kinachoninyima usingizi ni kufunga hesabu za mwezi, kazi ambayo sijawahi kuiona ikifanywa hapa, kwa kuwa nilianza siku chache baada ya mwezi uliopita kufungwa. Katika daftari la mtangulizi wangu kuna mstari mmoja tu kuhusu jambo hilo: "Kabla ya kufunga, hamishia zisizo na ankara 999." Nilipomwuliza msimamizi wangu 999 ni kitu gani, alijibu kwamba nitaizoea. Nimebakiwa na siku nane.

Naomba kujua kwa waliopita njia hii: kazi mpya isiyo na mafunzo ni mzigo ambao mtu mzima anatakiwa kuubeba kimya kimya, au ninayo haki ya kudai nifundishwe? Na ninyi mlianzia wapi?

#2 Mzee wa Leja

Pole, kijana. Jibu la "utaizoea" nililisikia mara nyingi kabla sijastaafu, na kwa kawaida anayelitoa hajui anachoulizwa.

Kuhusu 999, siwezi kuapa kwa kitu nisichokiona, lakini mazingira yake yanafahamika. Kila mwisho wa mwezi kuna mizigo iliyokwisha kuingia stoo ilhali ankara ya muuzaji bado haijafika. Mzigo ni wenu na deni ni lenu, ila karatasi ya kudaiwa haipo. Uhasibu haukuruhusu kujifanya hukupokea kitu, kwa hiyo unaandika makadirio ya deni kwenye akaunti ya muda, unafunga mwezi, na ankara ikifika mwezi unaofuata unayafuta makadirio na kuandika deni halisi. Yumkini 999 ni akaunti ya namna hiyo.

Vijana waliopita mikononi mwangu niliwaambia wasianze na mwezi wao, waanze na uliokwisha kufungwa. Chukua ripoti ya mwezi uliopita na hati zake zote, kisha jaribu kuzifikia namba zile zile kana kwamba wewe ndiye uliyeufunga. Pale namba zitakapokataa kulingana ndipo penye swali la kumpelekea msimamizi, na swali lenye namba ndani yake hujibiwa upesi kuliko "naomba nielekezwe". Kazi hiyo ifanye kwenye nakala, tafadhali, usiifanye kwenye faili halisi.

#3 Fundi Zamu ya Pili

Mleta mada, wala hukuonewa. Mimi nilioneshwa mashine ya kufungashia kwa muda usiotimia saa moja, kisha aliyenionesha akaenda zake. Wiki ya kwanza maboksi niliyoyaharibu yalikuwa mengi kuliko niliyoyafunga. Kufikia wiki ya sita nilikuwa nikisikia kwa mlio tu kwamba mkanda umelegea, kabla hata taa nyekundu haijawaka, na hakuna darasa ambalo lingenipa sikio lile. Kupotea njia ndiko kujua njia.

#4 Muuguzi wa Usiku

Fundi, methali yako inafaa kwa maboksi. Mimi katika siku ya nne ya ajira nilipangiwa zamu ya usiku kwenye wodi nisiyoijua, na humo kulikuwa na pampu ya kuingiza dawa kwenye mshipa ya aina ambayo sikuwahi kuigusa. Huko muuguzi akipotea njia, anayefika pabaya ni mtu mwingine aliyelala kitandani. Nilikataa kuiwasha mpaka aje mwenzangu wa wodi ya jirani. Alikuja amenuna, akanionesha kwa dakika tano, akaondoka akisema kwamba wageni wa siku hizi wana woga. Niliipokea lawama ile kwa mikono miwili.

Kwa hiyo, kabla ya kuamua kama ujifunze kwa kukosea, tenganisha kwanza makosa yanayorekebishika na yasiyorekebishika. Kila nilipohamia mahali papya, swali langu la kwanza lilikuwa: ni kitu gani hapa nikikifanya hakirudishiki nyuma? Hayo machache niliyaomba nifundishwe hata kwa kung'ang'ania, na mengine nikayaacha yanifundishe yenyewe. Mleta mada, ulizia kama mwezi ukishafungwa unaweza kufunguliwa tena.

#5 Fundi Zamu ya Pili

Nimekuelewa, dada. Maboksi hayana ndugu wa kuja kulalamika dirishani.

#6 Kalamu Nyekundu

Mmemjadili mfanyakazi na kumwacha mwajiri ajipumzikie. Ukosefu wa mafunzo haukuja kwa bahati mbaya. Mwanauchumi Gary Becker alikwisha kueleza mwaka 1964 kwamba mwajiri hana sababu ya kugharamia mafunzo, kwa kuwa ukishajua kazi utahamia kwa mshindani wake na yeye atabaki na hasara. Msimamizi wa mleta mada anajua anachokifanya.

#7 Hesabu za Pembeni

Mkuu Kalamu, umemnukuu Becker nusu. Yeye alitenganisha ujuzi wa jumla, ambao mwajiri yeyote anaweza kuutumia, na ujuzi mahususi unaofaa katika kampuni moja tu. Kwa ule wa kwanza hoja yako inasimama: gharama humwangukia mfanyakazi mwenyewe, mara nyingi kwa kupokea mshahara mdogo wakati anajifunza. Kwa ule wa pili mwajiri ana kila sababu ya kuchangia, kwa kuwa mfanyakazi hawezi kwenda kuuuza penginepo.

Sasa tuambie, hiyo 999 mleta mada atamwuzia nani? Kwa nadharia hiyo hiyo uliyoileta, kampuni ilipaswa kumfundisha 999 na kumwacha ajitafutie elimu ya uhasibu. Imefanya kinyume: imemchukua kwa sababu ana elimu ya uhasibu, na kitu pekee ambacho asingeweza kujifunza mahali pengine popote imemwachia akikisie.

#8 Kalamu Nyekundu

Nimesahihishwa, asante. Basi kama si hesabu za faida na hasara, ni uzembe mtupu.

#9 Mwalimu wa Jioni

Si lazima uwe uzembe. Mwaka 1990, mtafiti Elizabeth Newton wa Chuo Kikuu cha Stanford aliwapa watu kazi ya kugonga mezani mdundo wa nyimbo zinazofahamika na kila mtu, huku wengine wakisikiliza na kuzitambua. Wagongaji walikadiria kwamba wasikilizaji wangetambua nusu ya nyimbo. Kati ya nyimbo 120, zilitambuliwa 3. Mgongaji alikuwa akiusikia wimbo mzima kichwani mwake, na hakuweza kuamini kwamba mwenzake anasikia mbao tu.

"Hamishia zisizo na ankara 999" ni kugongewa meza. Aliyeuandika mstari huo aliusikia wimbo wote, na huenda aliona amekuachia maelezo ya kutosha. Ndiyo maana siwashauri watu kumwambia mjuzi "nielezee", kwa kuwa atagonga tena, kwa nguvu zaidi. Mwambie afanye kazi yenyewe mbele yako, nawe umsimamishe kila mkono wake unapofanya jambo ambalo mdomo wake haukulitaja. Kisha fanya wewe, yeye akitazama bila kugusa kibodi.

#10 Stoo Kuu

Mwalimu, una moyo safi, lakini mimi nimewaona wanaonyamaza kwa makusudi. Tulikuwa na mtunza stoo ambaye mpangilio wa rafu ulikuwa kichwani mwake peke yake. Namba alizobandika hazikufuata utaratibu ambao mtu mwingine angeweza kuukisia. Tulipompelekea msaidizi, alimfundisha kufagia, kupanga magodoro ya mbao ya kuwekea mizigo, na kupokea simu. Aliugua siku mbili, na kwa siku hizo mbili hakuna gari lililotoka na mzigo kamili.

Aliporudi, meneja alimpongeza mbele yetu sote kwamba ni nguzo ya kampuni. Msaidizi alikuwepo akisikiliza. Baada ya miezi michache naye alikuwa na kona yake ya stoo ambayo hakuna aliyeielewa.

#11 Daftari Jeusi

Naona mnawalaumu wote isipokuwa mwanafunzi. Mleta mada alifundishwa siku mbili, na huenda 999 ilitajwa akaisahau. Mwanasaikolojia Ebbinghaus aliwapima wafanyakazi mwaka 1885 akakuta kwamba baada ya siku moja mtu amepoteza theluthi mbili ya alichofundishwa. Dawa yake ni daftari. Mimi ninalo moja tangu siku ya kwanza ya kazi yangu ya kwanza, na kila jioni, kabla sijafunga ofisi, nilijiandikia maswali matatu na kuyajibu bila kuchungulia.

#12 Mwalimu wa Jioni

Namba yako iko karibu, Daftari, ila mfanyakazi hakuwepo. Ebbinghaus alijipima mwenyewe, peke yake, kwa silabi zisizo na maana alizozitunga makusudi ili kumbukumbu za zamani zisimsaidie. Tena alichopima ni muda aliouokoa alipojifunza upya orodha ile ile. Baada ya siku moja uokoaji huo ulikuwa kama theluthi. Mambo yenye maana hudumu kuliko silabi zile. Pamoja na hayo nakubaliana na desturi yako ya kujiuliza bila kuchungulia, kwa kuwa kujitahidi kukumbuka huimarisha kumbukumbu kuliko kusoma tena na tena. Nakubali pia kwamba, kwa mtu ambaye hajaelezwa ni ya nini, "999" haina tofauti na silabi za Ebbinghaus.

#13 Stoo Kuu

Daftari Jeusi, tunaomba utuambie kama maswali matatu ya siku ya kwanza uliyapatia.

#14 Daftari Jeusi

Mawili. La tatu lilihusu mahali pa choo, na nililijibu kwa vitendo.

#15 Karani Mpya

Nimerudi na taarifa. Nilifuata ushauri wa Mzee wa Leja na kuurudia mwezi uliopita kwenye nakala. Nimepata namba zote isipokuwa za 999. Ndani yake kulikuwa na hati 14. Kati ya hizo, 11 zimekwisha kupata ankara mwezi huu na zimefutika, sawasawa na Mzee alivyotabiri. Zilizobaki ni 3, na moja ina umri unaozidi miaka miwili.

Niliuliza pia swali la Muuguzi. Mwezi ukishafungwa haufunguliki mpaka makao makuu waombwe kwa barua, na msimamizi hapendi barua hizo. Kuhusu zile hati 3 aliniambia nisiziguse. Nilimwuliza sababu, akasema zimekuwepo siku zote.

#16 Kalamu Nyekundu

Miaka miwili? Hapo kuna mtu aliyekula.

#17 Mzee wa Leja

Kalamu, taratibu. Hati ya mapokezi huweza kubaki bila ankara kwa sababu zisizo na wizi ndani yake. Mzigo ulirudishwa kwa muuzaji lakini marejesho hayakuandikwa kwenye programu. Au ankara ilikuja ikafungwa kwenye hati nyingine ya muuzaji huyo huyo. Au mzigo mmoja uliingizwa mara mbili. Wizi nao huwezekana, sikatai, na ndiyo sababu akaunti kama hii haiachwi ikalala. Kwa kila hati tafuta jina la muuzaji, kisha omba taarifa ya madai yake. Muuzaji anayekudai hanyamazi miaka miwili.

Na wewe kijana, usizifute. Andika barua pepe fupi kwa msimamizi, ueleze ulichokikuta, tarehe na namba za hati, na kwamba umeziacha kama ulivyoelekezwa. Karani asiyefundishwa anaweza kuomba radhi kwa kutojua, lakini akishajua na kunyamaza, amejiunga na waliomtangulia.

#18 Mwanagenzi wa Zamani

Mjadala mzuri. Ninachoshangaa ni kwamba tunazungumza kana kwamba kufundisha mtu kazi ni siri isiyogunduliwa. Toyota walilimaliza zamani. Walitunga utaratibu wa hatua nne: unamwandaa anayejifunza kwa kumtuliza na kujua tayari anajua nini, unamwonesha kazi hatua kwa hatua, na kwa kila hatua unamweleza jambo la kuzingatia na sababu yake, unamwacha aifanye huku akikueleza anachofanya, kisha unamwachia kazi, ukimwonesha wa kumwuliza na kumpitia mara kwa mara mpaka asimame mwenyewe. Mleta mada alipewa nusu ya hatua ya pili.

#19 Hesabu za Pembeni

Hatua umezitaja vizuri, chimbuko umelikosea. Utaratibu huo ulienezwa na mpango wa serikali ya Marekani uliodumu kuanzia 1940 hadi 1945, wakati viwanda vya vita vilipojaa watu wasiowahi kushika kazi hizo na wajuzi wakiwa wachache. Japani uliingia baada ya vita, na Toyota ikauchukua kutoka hapo. Kadi waliyopewa wasimamizi ilikuwa na sentensi inayosema kwamba ikiwa mfanyakazi hajajifunza, basi mwalimu hajafundisha. Ndugu Daftari Jeusi naomba aisome mara mbili.

#20 Daftari Jeusi

Nimeisoma na nimeiandika. Hata hivyo kadi ile ilimkuta msimamizi aliyepewa muda wa kufundisha. Wengi wetu msimamizi wetu ana kazi yake mwenyewe, na kila saa anayotupa inamwongezea saa ya kubaki ofisini jioni. Mtangulizi wa mleta mada naye alikuwa anaondoka. Aliyepaswa kupanga makabidhiano ya wiki mbili ni aliye juu yao.

#21 Haki na Wajibu

Mleta mada aliuliza kuhusu haki, na hakuna aliyemjibu. Inategemea mafunzo ya kitu gani. Kwa usalama na afya kazini jibu lipo wazi: Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, katika ibara ya 19 unataka wafanyakazi wapewe mafunzo yanayofaa, na ibara ya 13 inamlinda anayejiondoa mahali ambapo ana sababu za msingi za kuamini kwamba pana hatari kubwa na ya karibu kwa maisha au afya yake. Mwaka 2022 shirika hilo liliyaingiza mazingira salama ya kazi katika haki za msingi. Fundi na mashine yake wanaguswa na jambo hili moja kwa moja, ingawa yeye analikumbuka kama hadithi ya kuchekesha.

Kwa 999 mkataba huo hausemi kitu. Hapo utategemea mkataba wako wa ajira, maelezo ya kazi yako na kanuni za kampuni. Soma hasa kifungu cha kipindi cha majaribio: kikitaja kwamba utapimwa, omba kwa maandishi uambiwe utapimwa kwa vigezo gani. Anayelazimika kuandika vigezo hukumbuka kwamba hajakufundisha baadhi yake.

#22 Fundi Zamu ya Pili

Nimeguswa kweli. Kabla ya lile sikio langu la kusikia mkanda kulikuwa na kidole kilichobanwa, sikukitaja mwanzoni kwa sababu kilipona. Aliyenionesha mashine hakunionesha kitufe cha kuizimia.

#23 Muuguzi wa Usiku

Afadhali umesema, kaka. Mtafiti Amy Edmondson alipochunguza makosa ya dawa hospitalini, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1996, alitarajia vikundi vilivyo bora viwe na makosa machache. Alikuta vinaripoti mengi zaidi, na maelezo aliyoyafikia ni kwamba huko watu hawakuogopa kuyasema. Kidole chako kingetajwa siku ile, mgeni aliyekufuata angeoneshwa kitufe.

#24 Karani Mpya

Wanajukwaa, mwezi nimeufunga jana saa mbili usiku. Barua pepe niliyoshauriwa na Mzee niliituma kabla ya kubonyeza. Hati 3 zimebaki zilipokuwa, na wauzaji wawili wamekwisha kujibu kwamba hawatudai chochote. Mmoja amesema mzigo wake ulirudishwa. Yule wa ile hati ya zamani namba yake ya simu haipatikani tena.

Nilimpigia pia mtangulizi wangu na kumwomba anitajie historia ya 999. Alisema hajui. Aliikuta, akaambiwa aendelee nayo, na yeye mwenyewe alikabidhiwa kazi kwa siku moja.

#25 Mzee wa Leja

Hongera, umefunga. Sasa mwulize alikabidhiwa na nani.

#26 Karani Mpya

Nilikwisha kumwuliza, Mzee. Ni msimamizi wangu.